Sahani Iliyokataa Kung'aa

Niliwahi kuamini, kwa moyo wangu wote na akili zangu timamu, kwamba mlinzi mmoja wa chuo fulani alikanyaga maji yaliyomwagika maabara akiwa na kidonda mguuni, na baada ya wiki moja akaanza kung'aa. Wala si kung'aa kwa kupendeza kama bwana harusi. Kung'aa kijani, kama taa ya mnara wa msikiti. Mkewe, niliambiwa, alikuwa anazima taa ya chumbani na kuchambua mchele kwa mwanga wa mgongo wa mumewe.

Aliyenipa habari hiyo alikuwa fundi mwenzangu wa vigae. Tulikuwa tunatandaza sakafu ya duka moja pale Mtoni, na yeye alikuwa ametapakaa simenti hadi kwenye kope. Mtu aliyetapakaa simenti hadi kwenye kope mie humwona hana nafasi ya kudanganya. "Braza, wamemfungia chumba cha peke yake," aliniambia, huku anagonga kigae kwa mpini wa nyundo. "Manesi hawahitaji hata taa." Kufika jioni nilishaisimulia kwa watu wanane, na nilipofika kwa wa nane, mlinzi alikuwa ameshahamishiwa uani, na majogoo wa mtaa mzima wakimwona wanawika wakidhani kumekucha.

Nisingeamini kirahisi hivyo kama wiki ile ile boksi lisingefika darasani kwetu.

Nilikuwa nasoma masomo ya jioni, Temeke, kwenye kituo kilichojibana nyuma ya kiwanda cha mbao. Sie wanafunzi tulikuwa watu wazima wenye vitambi na wajukuu. Ukiita "mwanangu" pale, nusu ya darasa inageuka kutafuta mtoto wake. Mwalimu wetu wa baiolojia alikuwa kijana kuliko wote, na tulikuwa tunamwamkia kwa shida, maana ulimi unataka kusema "shikamoo" kwa heshima ya ualimu na macho yanasema huyu ni wa kuitikia. Chumba kilichoitwa maabara nilikipiga vigae mie mwenyewe, meza na sakafu, na kwa sababu nilikuwa naishi hatua chache kutoka pale, mwalimu aliniachia ufunguo. Nifungue, nifagie, nifunge. Ufunguo ule niliuvaa shingoni kama waziri.

Mwalimu aliliazima boksi kwa rafiki yake wa chuo. Lilikuwa moja, la kufanyia jaribio mara moja, na rafiki mwenyewe alilitoa kama mtu anavyotoa jino. Ndani kulikuwa na vichupa vidogo vyenye vumbi vumbi, vijiti vya plastiki na sahani za plastiki zenye vifuniko. Mwalimu alichora duara ubaoni.

"Hiki ni kijipete," akasema. "Jina lake plasmidi. Hakionekani kwa macho. Ndani yake kuna maelekezo ya kutengeneza protini ya konyeza, yule wa baharini anayewasha ngozi. Bakteria akikipokea kijipete hiki, anafuata maelekezo, anatengeneza protini ile, na tukimmulika kwa taa ya zambarau anang'aa kijani."

Mzee mmoja aliyekuwa anakaa mbele, fundi wa magodoro, akauliza, "Kwa hiyo mwalimu, ni sawa na mie nimeze karatasi ya mapishi ya pilau, halafu nianze kunuka pilau?"

"Karibu sana na hapo, mzee wangu."

Darasa likacheka. Mie sikucheka. Niliposikia neno kung'aa na neno kijani nikamwona mlinzi wa watu yule kwenye chumba chake cha peke yake. Mwalimu akanyanyua kichupa kingine na kusema, "Na hii ni ampisilini. Dawa hii inaua bakteria. Bila dawa hii hakuna jaribio." Akaendelea kueleza kwa nini. Maelezo hayo sikuyasikia, maana nilikuwa nimemwinamia jirani yangu, namnong'oneza habari za majogoo.

Ampisilini ilikuwa haina haja ya kufundishwa. Kwetu uswahilini kila mtu anakijua kidonge kile cha rangi mbili, na kila mtu anajua kina kazi mbili. Ukikimeza, ni cha tumbo, kifua, meno na mambo mengine ambayo watu hawayasemi mbele za watu. Ukikifungua ukanyunyiza unga wake juu ya kidonda, kidonda kinakauka. Fundi wa vigae hakatwi hata mara moja bila mwenzake kumwambia, "Fungua kidonge, nyunyiza, endelea na kazi." Daktari akisikia anashika kichwa, lakini daktari hayupo site.

Sasa niseme kuhusu dada mmoja, maana habari hii ni yake, mie nimeivamia tu.

Alikuwa mtu wa kusini, mama wa watoto watatu, mhudumu wa zahanati. Kazi yake ilikuwa kuosha vile vioo vidogo vya maabara, vinavyopakwa damu ya mgonjwa na kutazamwa kwa hadubini. Aliwahi kuniambia, tukiwa tunasubiri mvua ikatike, "Kaka, nimeosha vioo miaka saba. Mtu anatazama, anaandika 'malaria', ananirushia kioo nikaoshe. Siku moja nataka nitazame mie kabla sijaosha." Alilisema hilo kama mtu anavyosema anataka siku moja aonje chakula anachokipika mwenyewe.

Mwalimu alikuwa amemwalika mzee mmoja mwenye maabara ya vipimo mjini, mzee wa Kihindi, wa familia iliyofanya biashara pwani hii tangu babu wa babu yake, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu. Mzee huyo alikuwa anatafuta mtu mmoja wa kumfundisha kazi. Angekuja Jumamosi kutazama jaribio, na kama litakwenda vizuri angemchukua aliyelifanya. Hapakuwa na ubishi nani alifanye. Darasa zima tulikuwa na mikono ya kubeba zege. Dada huyu alikuwa anaweza kudondosha tone moja la maji juu ya tone jingine na lisitawanyike. Mwalimu alimteua Jumatatu, na sie tukapiga makofi.

Jumatano nilikatwa na kigae mguuni, chini ya kifundo. Haikuwa jeraha la hospitali. Nilifunga kitambaa cheupe, kipande cha shuka la zamani mke wangu alilolifua hadi likawa laini kama pamba, nikaenda kufungua darasa.

Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Friji la maabara lilikuwa limeyeyusha barafu, na maji yametambaa hadi katikati ya chumba. Nikavua kandambili, nikapiga deki. Nimeshafika nusu ndipo nikatazama chini nikaona kitambaa changu kimelowa chapachapa. Maji ya maabara. Kidonda. Mguu. Mlinzi wa watu alianza hivi hivi.

Nilikaa juu ya ndoo. Nikajiambia, wewe ni mtu mzima, una watoto wawili, tulia. Halafu nikaikumbuka taa. Mwalimu alikuwa ameazima taa ya zambarau kwa wakala mmoja wa jirani, ile inayotumia betri, ya kukagulia noti bandia. Nikafunga dirisha, nikafunga mlango, nikaimulikia mguuni.

Kitambaa kiliwaka.

Sisemi kilimetameta. Kiliwaka weupe wa kibuluu, kama luninga isiyo na chaneli. Nilihisi jasho linatoka hata kwenye kucha. Nikaona namna nitakavyomwambia mke wangu. Nikaona watoto wangu wanatumwa dukani gizani na baba yao anatangulia mbele kuwamulikia njia.

Kilichofuata nilikifanya haraka, na tangu siku ile nimekirudia polepole kichwani mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nilifungua friji. Nikatoa kichupa cha ampisilini. Nikafungua kitambaa, nikamimina unga wote kwenye kidonda, hadi vumbi la mwisho, nikipigapiga kichupa kwa kidole. Ulikuwa unga mchache, wa kutosha kukoleza yai moja la kuchemsha. Ukawasha kidogo, nikafurahi, nikajua inafanya kazi.

Halafu nikawa nimeshika kichupa kitupu.

Ningeweza kwenda nacho kwa mwalimu. Alikuwa anakaa karibu, na angekuwa na siku nzima ya kutafuta dawa nyingine. Lakini nilikuwa na ufunguo shingoni, na nikamwona kichwani mwalimu akinivua. Basi nikavuka barabara, nikanunua kopo la glukosi, ile watu wanayowapelekea wagonjwa, nikajaza kichupa hadi pale pale unga wa kwanza ulipofika. Ulifanana nao kama pacha. Nikajiambia sukari kidogo haijawahi kumdhuru mtu. Nikakirudisha, nikamaliza kupiga deki, na wenzangu walipofika nilikuwa napiga mluzi.

Alhamisi jioni dada alikuja na koti jeupe la kuazima zahanati na daftari lenye jalada la karatasi ya zawadi. Barafu alikuwa ametoka nayo kwa wauza samaki. Aliyeyusha unga wa kile kichupa kwa maji, akauchanganya kwenye jeli ya uvuguvugu ambamo bakteria wangeota, akamimina sahanini. "Nimeweka dawa," alisema kwa sauti, kama mwalimu alivyomfundisha, akatia alama kwenye daftari.

Nilikuwa nimesimama upande wa pili wa meza. Niliiona glukosi yangu inaingia. Mdomo ulifunguka, naapa ulifunguka, na kilichotoka ni, "Dada, unafaa kuwa daktari." Watu wakacheka. Na yeye akacheka, bila kuinua macho.

Kisha aliwachanganya bakteria na vijipete kwenye kichupa kilichozamishwa barafuni, akawangoja, akawatia kwenye maji ya moto kwa muda mfupi sana, akawarudisha kwenye barafu. Mwalimu alisema mshtuko ule wa joto ndio unaowafungulia bakteria mlango. Dada alikuwa anahesabu sekunde kwa midomo bila sauti, na darasa zima lenye vitambi na wajukuu lilihesabu pamoja naye. Fundi wa magodoro alifumba macho kabisa. Dada alipomaliza, akawamwagia kwenye jeli, akafunika sahani, tukaipeleka kwa mama mmoja mfugaji aliyekuwa na mashine ya kutotoleshea vifaranga. Mama akaturuhusu, kwa sharti kwamba vijidudu vyetu vikae rafu ya juu na mayai yake yakae chini, visije vikayasemesha.

Jumamosi mchana tuliziba madirisha ya maabara kwa magunia. Mzee wa maabara alifika akiwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi linakata. Tulimwamkia, akatuuliza hali mmoja mmoja, akamwambia dada, "Mwanangu, usiogope. Mie mara ya kwanza nilivunja vioo kumi na viwili." Dada akatabasamu. Alikuwa amesuka nywele upya.

Mwalimu akazima taa. Dada akawasha ile ya zambarau.

Kila kitu chumbani mle kiling'aa isipokuwa sahani. Shati la mzee liliwaka kama mwezi. Meno yetu, kola zetu, koti la dada, makaratasi mezani. Mzee wa magodoro alikuwa na kofia ya mkono, na kofia ile ilikuwa inaelea gizani peke yake. Nikaangalia yote yale meupe yaliyofuliwa kwa sabuni ya unga, yanawaka weupe wa kibuluu, na nikaelewa shuka la mke wangu. Nilielewa palepale, nikiwa nimesimama, na nadhani sijawahi kuelewa kitu cha sayansi upesi hivyo tangu nizaliwe. Halafu nikaangalia sahani. Ilikuwa na giza kama kisahani cha chai.

"Sogeza karibu," mwalimu akasema.

Dada akaisogeza. Akaigeuza. Mkono wake ulikuwa umetulia hata wakati ule.

Taa ikawashwa. Jeli yote ilikuwa imefunikwa na utando mweupe mzito, mfano wa ukoko wa uji. Mzee akainama, akavaa miwani.

"Wameota wote," akasema taratibu. "Hapa hamna dawa. Dada, ampisilini uliweka?"

"Niliweka, mzee."

"Una hakika, mwanangu?"

"Niliweka. Niliandika hapa."

Mwalimu alikuwa amepata aibu mbele ya mgeni wake, na kijana akipata aibu hutafuta pa kuiweka. "Kuandika si kuweka, dada," akasema. Halafu akanigeukia mie. "Wewe ulikuwa unamtazama. Aliweka?"

Hapo ndipo penyewe. Nimesimulia maisha yangu kwa kuongeza chumvi tangu nijue kusema, lakini pale sikuongeza hata chembe, nilipunguza. Ningesema "aliweka", na ningekuwa nimesema kweli, na wangekwenda kukitazama kichupa, na kila kitu kingefuata. Nikasema, "Mwalimu, sikuangalia vizuri. Mambo yalikuwa mengi siku ile. Labda alisahau."

Dada alinitazama. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu anayeuliza njia.

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati lake. Akasema mikono ya dada ni mizuri, ameiona. Lakini kwenye kazi yake, akasema, kusahau kitu kimoja ni kumpoteza mgonjwa wa watu. Akatuaga kwa upole sana. Boksi lilikuwa moja, na mzee hakurudi tena.

Wiki iliyofuata nilikuwa nafunga mlango, dada akanisubiri nje. Nikajua ameshanijua. Kumbe hapana.

"Kaka, unajua nimefikiria," akasema. "Labda kweli nilisahau. Naiona picha kabisa naweka, lakini wewe mtu wa utani tu, huna sababu ya kunisingizia. Na kama naweza kuona picha ya kitu ambacho sikukifanya, basi hiki kichwa si cha kazi ile."

"Ah, dada, usijisumbue. Mie mwenyewe juzi nimesahau mke wangu sokoni."

Akacheka, kwa adabu. Hakumaliza muhula.

Mie nilimaliza. Nilifanya mtihani, nikafaulu kwa alama ambazo ukizitazama kwa jicho moja zinapendeza. Tulichinja kuku. Na kwenye sherehe ile, na harusini, na msibani wakati wa kahawa, nimekuwaga nikiwasimulia watu habari za mlinzi aliyeng'aa na mimi na kitambaa changu juu ya ndoo. Watu wanalia kwa kicheko. Nimeisimulia mara mia tano. Kila mara naishia pale shati la mzee lilipowaka na mie nikagundua ujinga wangu. Hakuna aliyewahi kuniuliza, na sahani je? Nilikuwa nimeshaiondoa, kama mtu anavyoondoa mwiba kwenye samaki kabla ya kumlisha mgeni. Wao walikuwa wanaondoka wameshiba, mie narudi nyumbani nahisi kitu kooni.

Siku moja nilikuwa nimemsindikiza shemeji yangu stendi ya Mbezi Luis, nikakutana na mwalimu wetu. Ameshaota mvi mbili tatu na ukali umemtoka. Tukakumbushana huyu na yule. Nikamuuliza habari za dada, kwa sauti ya juu juu, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua.

"Yule alihamia Pugu," akasema. "Mie yule ananiuma. Nilimtafutia nafasi mara mbili, maabara ndogo tu, afundishwe hapo hapo. Mara zote mbili alikataa. Anasema mikono yake inasahau, asije akaua mtu." Akatikisa kichwa. "Nilimsemea vibaya siku ile. Lakini si ndiyo hivyo, hakuweka dawa."

Nilisema ndiyo. Hata pale, stendi, kweupe, nilisema ndiyo. Halafu nikakaa kwenye benchi hadi basi la shemeji likaondoka, na mengine manne nyuma yake.

Jumapili nikaenda Pugu. Nilimkuta uani kwake anaanika dagaa juu ya wavu. Aliponiona alisimama na mkono kifuani.

"Kaka. Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, dada. Nimekuja kukusalimia."

"Miaka yote hii, leo unanisalimia. Karibu ukae."

Akaleta chai. Nikasifia uwa, nikasifia wavu, nikasifia dagaa, nikasema dagaa hawa wakienda shule watafaulu kuliko mimi. Nikauliza watoto. Mkubwa alikuwa ameshaolewa. Nikasifia ndoa.

"Kaka," akasema, "chai inapoa. Sema ulichokuja nacho."

Nikasema. Sikuongeza kitu. Ilikuwa fupi ajabu, habari ambayo nimeibeba miaka yote ile. Haikumaliza hata kikombe. Kwamba unga wa kichupa nilikuwa nimejipaka mguuni siku moja kabla. Kwamba alichokiweka kilikuwa glukosi. Kwamba niliona akikiweka, na mwalimu aliponiuliza nikasema labda alisahau.

Kuku mmoja akasogelea dagaa, dada hakumfukuza.

"Glukosi," akasema.

"Ndiyo."

"Kichupa kizima."

"Hadi pale pale."

"Kwa hiyo niliweka."

"Uliweka, dada."

"Niliweka," akarudia, si kwangu. Akatazama mikono yake, yote miwili, mbele na nyuma, kama anayerudishiwa.

Halafu akaniambia, kwa sauti ile ile ya kawaida, kwamba kwa miaka hii yote akifunga mlango anarudi kuusukuma mara tatu. Kwamba akiweka chumvi kwenye mboga anamwita mtoto ashuhudie. Kwamba pale zahanati daktari aliwahi kumvutia kiti mbele ya hadubini, akamwambia kaa, tazama, na yeye akasema hapana, asante, ana vioo vya kuosha. Mwaka jana ndipo ameanza kozi ya cheti cha maabara, mtoto wake wa pili alimlazimisha, na yuko darasani na mabinti wanaomwita bibi. Kila zoezi analifanya mara mbili. Mwalimu wake wa sasa anamuuliza, mama, mbona wewe ni wa mwisho kutoka kila siku?

Sikuwa na utani. Niliutafuta, sikuupata. Nikamwomba radhi.

"Nimesikia," akasema. "Sijasema nimekusamehe, nimesema nimesikia. Kesho utakwenda kwa mwalimu. Halafu utakwenda kwa yule mzee, kama yupo hai. Umwambie kwa mdomo wako kwamba niliweka."

"Nitakwenda."

"Kesho, kaka. Isiwe ile kesho yenu ya mafundi."

"Kesho."

Alimwaga chai yangu iliyopoa, akanimiminia nyingine, nikashangaa. Kisha akakunja uso, kama mtu aliyebakiwa na hesabu moja isiyokubali.

"Ila ulijipaka ya nini? Kidonda tu?"

Basi ikabidi nimweleze habari ya mlinzi. Mkewe na mchele, majogoo, yote. Ilikuwa mara ya kwanza naisimulia bila mtu kucheka. Alinisikiliza hadi mwisho, anageuza dagaa mmoja mmoja kwa ncha ya kidole, na nilipomaliza akanieleza kama anavyomweleza mtoto wa jirani.

"Kaka, siku ile wale bakteria walikuwa bado unga mkavu kwenye chupa yao, hawajagusana na kijipete chochote. Na hata wangekuwa wanang'aa tayari, mtu hang'ai kwa kuwakanyaga. Halafu dawa ile inaua wale wasiong'aa. Wanaong'aa haiwaui, kijipete chao kinawakinga. Ndiyo kazi yake, wabaki wanaong'aa peke yao, wasije wakafunikwa na wenzao kama siku ile. Mguuni kwako kulikuwa na maji ya friji."